Kabla ya Kuuliza "Dawa Gani?": Jinsi ya Kumtambua Mdudu Aliyevamia Maua Yako ya Ndani

Ujumbe ninaotumiwa huwa ni uleule. Picha moja ya jani, imepigwa usiku, imefifia, na chini yake maneno mawili: "Dawa gani?" Hakuna anayeweza kulijibu hilo kwa uaminifu. Dawa nyingi zinazomuua kidukari hazimgusi utitiri. Sabuni inayommaliza kidukari haiyafikii mayai ya kithiripi yaliyofichwa ndani ya jani. Na vile vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya chungu havitibiwi kwa kupulizia majani, hata umalize chupa nzima. Kwa hiyo hapa tunashughulika na jambo moja: kumjua aliyeingia. Tiba nitaigusa kwa ufupi kuelekea mwisho, maana ukishamjua mdudu mara nyingi tiba yenyewe haina makuu.

Nimechukua wale saba wanaokutwa zaidi kwenye maua ya ndani na ya barazani kwetu: utitiri, vithiripi, vidukari, vidung'ata, vidugamba, inzi weupe na vijinzi vya udongo. Usijali kama majina ni mageni kwako, sura zao zinakuja hatua ya 7 na ya 8. Majina yenyewe yanabadilika kutoka mji hadi mji. Muuza pembejeo mmoja atakuelewa ukisema vidung'ata, mwingine mpaka useme milibagi. Usibishane naye, mpelekee umbo na tabia ya mdudu, au mpelekee mdudu mwenyewe kwenye selotepu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Karatasi nyeupe ya A4 isiyo na mistari. Hii ndiyo zana yako kuu, na haizidi bei ya andazi.
- Simu yenye tochi na kamera.
- Lenzi ndogo ya kukuzia, ile ya kukunja iliyoandikwa 10x wanayotumia masonara. Si lazima, lakini kwa utitiri itakuondolea ubishi.
- Vijiti vya meno, na pamba za masikio.
- Spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70. Inashika moto, kwa hiyo iwe mbali na jiko na mshumaa.
- Selotepu inayopitisha mwanga.
- Kiazi mviringo kibichi. Kazi yake utaiona hatua ya 7.
- Kadi za njano zenye gundi kutoka duka la pembejeo. Ukizikosa, chukua mfuniko wa plastiki wa njano uupake mafuta mazito ya kujipaka.

Muda mzuri ni asubuhi, karibu na dirisha. Taa ya sebuleni hupaka kila kitu rangi ya njano, nawe unatafuta nani kayafanya majani kuwa ya njano.

Hatua ya 1: Litenge ua, lakini usilioshe

Watu wengi wakiona jani lina walakini, la kwanza ni kulipeleka bafuni. Wanaosha, wanafuta, kisha wanapiga picha na kuuliza. Hapo wameshafuta ushahidi wote. Mdudu mkubwa kaanguka, mayai yamebaki, na wewe huna cha kuangalia kwa wiki nzima.

Lihamishe taratibu ukiwa umelishika chungu, si shina. Liweke peke yake, mbali na feni na AC, kwa sababu utitiri na watoto wa vidugamba ni wepesi kiasi cha kubebwa na upepo. Ukimaliza kulikagua nawa mikono kabla hujagusa jingine. Maua yaliyokuwa yamegusana nalo majani yahesabu kuwa washukiwa, hata kama yanang'aa.

Hatua ya 2: Rudi nyuma, ulitazame zima

Jiulize kwanza kama ni mdudu kweli. Jani moja la chini kabisa likiwa njano na mengine yako sawa, huo ni uzee au maji. Ncha za kahawia zilizokauka kwenye majani mengi kwa pamoja mara nyingi ni chumvi za maji ya kisima, mbolea iliyozidi au hewa kavu. Baka kubwa lililopauka upande unaotazama dirisha ni jua.

Madhara ya mdudu hayana mpangilio wa namna hiyo. Huanza sehemu moja, kisha husambaa. Chipukizi likitoka limejikunja na kuparara wakati majani ya zamani ni mazuri, weka akilini vidukari au vithiripi. Majani ya zamani yakipauka polepole kuanzia karibu na mshipa wa kati, weka akilini utitiri.

Hatua ya 3: Pitisha kidole juu ya jani

Jani linanata, au halinati? Swali hili moja hukata orodha katikati.

Likinata, na meza au sakafu iliyo chini ya chungu nayo ikinata, una mmoja kati ya wanne: vidukari, vidung'ata, vidugamba laini au inzi weupe. Hawa hunyonya utomvu mwingi kuliko wanavyohitaji, na sukari iliyozidi huitoa kwa nyuma. Ikikaa siku kadhaa juu yake huota ukungu mweusi wenye sura ya masizi, unaofutika kwa kitambaa chenye maji. Ukungu huo hauli jani. Unaziba mwanga tu. Wengi hununua dawa ya ukungu hapa, na mdudu anaendelea kula.

Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, usiwalaumu wao. Wanafuata sukari, na wengine huwalinda kabisa wenye kuitoa. Fuata msafara wao mpaka unapoishia, nawe utamkuta unayemtafuta.

Jani likiwa kavu lakini lina nukta ndogondogo zilizopauka, au mabaka yanayong'aa rangi ya fedha, basi ni utitiri au vithiripi. Hawa hawanatishi jani.

Hatua ya 4: Geuza jani

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi: wanakagua juu, na wadudu karibu wote wanaishi chini. Fuata utaratibu huu, ukiwa na tochi:

1. Upande wa chini wa jani, kando ya mshipa wa kati na kwenye pembe mishipa inapogawanyika.
2. Kwapa la jani, yaani pale kikonyo kinapoungana na shina. Vidung'ata hupenda kujibana hapo.
3. Chipukizi ambalo bado limejikunja. Lifungue kidogo kwa kijiti cha meno bila kulivunja.
4. Shina lote, hasa upande unaotazama ukuta.
5. Ukingo wa chungu kwa ndani, chini ya mdomo wake, na matundu ya kutolea maji.

Piga picha ya kila unachokishuku kabla ya kukigusa. Sogeza lenzi ya kukuzia mbele ya kamera ya simu. Utashangaa jinsi miguu inavyoonekana.

Hatua ya 5: Jaribio la karatasi

Shikilia ile karatasi nyeupe chini ya tawi, kisha ligonge tawi kwa vidole mara tatu nne, kwa nguvu ya wastani. Ipeleke karatasi kwenye mwanga, uilaze, utulie kama dakika moja. Usiipulize. Vumbi litakaa lilipo. Mdudu atachoka kujifanya vumbi.

Sasa angalia mwendo:

- Nukta ndogo mno, isiyozidi nusu milimita, inatembea polepole: utitiri. Iburute kwa kidole. Itaacha mstari wa kijani kibichi au wa rangi ya kutu.
- Nukta ya namna hiyohiyo, ila inakimbia mbio huku na huko: huenda ni utitiri mwindaji, anayewala wenzake. Mwache.
- Kitu chembamba, cha milimita 1 hadi 2, kinakwenda kwa kujinyonganyonga au kuruka ghafla: kithiripi.
- Vitu laini vyenye tumbo la mviringo, vinavyojikokota kwa miguu mirefu: vidukari.

Rudia kwenye matawi mawili zaidi. Karatasi tupu mara moja haimsafishi mtu jina.

Hatua ya 6: Kwangua, gusa, pumulia

Kwa wale wasiotembea karatasi haisaidii. Tumia mikono.

*Kwangua.* Ukiona uvimbe wa kahawia kwenye shina au mshipa, usukume kwa ncha ya kijiti cha meno. Kidugamba kitabanduka bila mmea kutoka kidonda. Ukilazimika kuchimba na mmea ukatoka kidonda, huo ulikuwa uvimbe wa mmea wenyewe. Fikasi na drasena wanazo alama za namna hiyo nyingi.

*Gusa kwa spiriti.* Chovya pamba ya sikio, ibonyeze kwenye kitu cheupe. Nta ya kidung'ata huyeyuka papo hapo, na chini yake unaona mwili wa pinki, wa njano au wa kijivu wenye mikunjo. Punje nyeupe ya udongo wa dukani haibadiliki.

*Pumulia.* Lisogelee jani lililo na mabaka ya fedha, ulitolee pumzi ya joto, taratibu. Vithiripi waliokuwa wametulia wataanza kutembea.

*Tikisa.* Vitu vyeupe vikitimka kwa pamoja, vikazunguka na kurudi kutua palepale chini ya majani, hao ni inzi weupe na hakuna haja ya kuendelea kutafuta.

Hatua ya 7: Usisahau udongo

Vijinzi vyeusi, vyembamba, vya milimita 2 hadi 4, vinavyotembea juu ya udongo na kuruka kivivu unapomwagilia, ni vijinzi vya udongo. Wakubwa hawali majani. Mabuu yao hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo uliolowa, wakila ukungu na uozo, na wakizidi hutafuna vinyweleo vya mizizi ya miche michanga.

Kuthibitisha, kata kipande cha kiazi kibichi chenye unene wa sentimita 1, kibonyeze juu ya udongo ukiache siku mbili. Kiinue. Ukikuta vijifunza vyembamba, vinavyopitisha mwanga, kila kimoja na kichwa cheusi kinachong'aa, umepata jibu.

Vijinzi vya rangi ya kahawia isiyoiva, vyenye macho mekundu, ni wageni wa ndizi mbivu na pipa la taka. Havihusiani na ua. Na vile vijidudu vyeupe vinavyodunda maji yanapoingia kwenye chungu havina madhara. Vinakula uozo tu.

Ua likinyauka bila sababu na juu hakuna kitu, litoe kwenye chungu uangalie mizizi. Wapo vidung'ata wa mizizini, wanaoacha unga mweupe kwenye mizizi na kwenye ukuta wa ndani wa chungu. Kakati, alovera na ndugu zao hukumbwa nao sana, na mwenye ua huendelea kumwagilia akidhani ni kiu.

Hatua ya 8: Linganisha

Utitiri. Kwa hesabu kali huyu si mdudu: ana miguu minane, yuko ukoo mmoja na buibui na kupe. Chini ya lenzi utaona mwili wa njano au kijani unaopitisha mwanga, na baka jeusi kila ubavu. Mayai yake ni viduara vinavyopitisha mwanga, vimetawanyika katikati ya magamba meupe ya ngozi zilizovuliwa. Hali ikiwa mbaya utando mwembamba huunganisha jani na kikonyo. Usiungoje utando, ukiuona, umechelewa sana. Mkulima wa nyanya anamfahamu yule mwekundu. Anapenda joto na ukavu, kwa hiyo chumba chenye AC kutwa, au Nairobi ya Januari na Februari, ni pake. Kwenye joto la nyuzi 30 hutoka yai hadi kuwa mkubwa kwa takriban wiki moja, na ndiyo maana ua huonekana zima Jumapili hii na kupauka Jumapili ijayo.

Vithiripi. Nitakaa hapa kidogo, maana ndio wanaochanganywa zaidi na utitiri, na ndio wanaoua monstera nyingi. Wote wawili hupausha jani. Tofauti iko kwenye mabaki. Kithiripi hukwaruza ngozi ya jani na kufyonza kilichomo, na chembe zilizobaki tupu hujaa hewa. Hapo ndipo rangi ya fedha inapotoka. Halafu hunya palepale. Tafuta vinukta vyeusi vinavyong'aa, vilivyotawanyika ndani ya baka la fedha au kando yake. Mabaka yenye nukta nyeusi, hakuna utando: kithiripi. Vinukta vilivyopauka, ngozi nyeupe zilizovuliwa, labda utando: utitiri.

Watoto wake ni wa njano iliyofifia, hawana mabawa, wamepangana kando ya mshipa wa kati. Wakubwa ni wa kahawia au weusi, wembamba, na mabawa yao yamekunjwa mgongoni. Mayai yamechomekwa ndani ya nyama ya jani, na aina nyingi hushuka udongoni kumalizia ukuaji. Kwa hiyo ukipulizia mara moja, walioko ndani ya jani na walioko udongoni wanakusubiri. Wakulima wa maua ya kuuza nje kule Naivasha hutundika kadi za gundi za buluu kwa ajili yao. Wewe ukiwa na za njano zitatosha kukuonyesha kama wapo.

Vidukari. Milimita 1 hadi 3, laini, kijani, njano, weusi au pinki, wamesongamana kwenye chipukizi na tumba la ua. Alama isiyodanganya ni vijibomba viwili vinavyotokeza nyuma ya mwili. Majike huzaa watoto hai bila kukutana na dume, na ndiyo maana watatu wa leo ni kundi zima wiki ijayo. Ngozi zao nyeupe zilizovuliwa hubaki zimenasa kwenye sukari, na wengi huziita "wadudu weupe". Ziguse, hazina kitu ndani. Waridi, mrehani na pilipili za dirishani ndiko waliko.

Vidung'ata. Miili ya mviringo mrefu ya milimita 2 hadi 5, imefunikwa nta nyeupe yenye nyuzi pembeni, wamejibana kwenye makwapa ya majani. Mayai, mamia kwa jike mmoja, hukaa ndani ya kifuko kinachofanana na pamba. Ile ZZ inayouzwa kila kitalu cha barabarani, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki na kusini, haina maadui wengi, lakini huyu huivamia.

Kwa anayedhani kutofautisha wadudu wanaofanana ni ushabiki wa wasomi: kidung'ata wa mihogo alipoingia Afrika miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kusini, wataalamu walikwenda huko kumtafuta adui wake wa asili. Kaskazini mwa bara hilo walikuta kidung'ata anayefanana naye sana, lakini wa spishi nyingine, na maadui wake hawakumtaka huyu wetu. Mpaka mwaka 1981 yule halisi alipopatikana Paraguai ndipo akaletwa nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, akafanya kazi. Hans Herren, aliyeongoza mradi huo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Vidugamba. Uvimbe bapa au wa kuba, kahawia, kijivu au mweupe, hautembei. Ndiyo maana watu hukaa nao miezi wakidhani ni sehemu ya shina. Wapo laini, wanaonatisha jani, na wapo wenye gamba gumu, ambao hawanatishi. Kwa hawa ukilifunua gamba unamkuta mdudu amebaki chini yake. Watoto wao ndio pekee wanaotembea, na ndio wakati pekee wanapokufa kirahisi.

Inzi weupe. Tumeshawaona wakitimka. Watoto wao hawaruki: ni viduara bapa, vya njano iliyofifia, vimegandana na upande wa chini wa jani, na wengi huwadhania vidugamba. Aina mojawapo huchora mizunguko ya nta nyeupe chini ya jani. Ndugu zao wa shambani ndio wanaosambaza batobato ya mihogo. Ndani ya nyumba huwa wanaletwa na mrehani wa sokoni au haibiskasi ya barazani.

Hatua ya 9: Ondoa wanaodanganya

Picha nyingi ninazotumiwa hazina mdudu kabisa. Kabla ya kutoa hukumu, hakikisha si mojawapo ya hivi:

- Nukta za kahawia zilizojipanga kwa safu nadhifu chini ya jani la kangaga. Hivyo ni vifuko vya spora, yaani chembe ambazo kangaga huzaliana kwazo. Vidugamba hawajipangi safu.
- Tone la maji safi kwenye ncha ya jani la monstera asubuhi. Mmea umetoa maji yaliyozidi. Halinati.
- Tone linalonata kwenye kikonyo cha ua la okidi, likiwa peke yake na pasipo mdudu karibu. Okidi nyingi hutoa sukari yao wenyewe.
- Vidonge vya mviringo, vya njano au kahawia, juu ya udongo. Ni mbolea ya kuyeyuka polepole, si mayai.
- Ukoko mweupe kwenye ukuta wa chungu cha udongo. Chumvi.
- "Kidung'ata" mkubwa kupita kawaida, mwenye nyuzi ndefu, anayetembea kwa kasi katikati ya wenzake. Mtazame vizuri: anaweza kuwa mtoto wa mdudu kibibi, anayekula vidung'ata huku amevaa kama wao. Kwenye maua ya barazani hutokea. Usimuue.

Hatua ya 10: Nasa, andika, rudia

Gandisha mdudu mmoja kwenye selotepu, uibandike kwenye karatasi, uandike tarehe, ua na sehemu ulipomkuta. Chomeka kadi ya njano kwenye chungu. Kagua tena baada ya siku 5 hadi 7, kwa utaratibu uleule. Aliyekuwa yai wakati ule sasa anatembea.

Ukishamjua

Utitiri na vidukari: osha kwa maji yenye msukumo, hasa chini ya majani, kisha sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, kila baada ya siku 4 au 5 kwa wiki tatu. Jaribu jani moja kwanza usubiri siku mbili, na usipulizie kwenye jua. Vidung'ata na vidugamba: pamba yenye spiriti, mmoja baada ya mwingine, bila uvivu. Inzi weupe: sabuni kwa watoto, kadi za njano kwa wakubwa. Vithiripi: kata majani yaliyoharibika sana, osha, rudia kila wiki kwa mwezi, na badilisha sentimita chache za juu za udongo. Vijinzi vya udongo: acha kumwagilia mpaka sentimita 2 au 3 za juu zikauke. Hiyo peke yake huwamaliza wengi.

Tahadhari tatu. Usitumie sabuni ya unga, inachoma majani. Usipulizie dawa ya mbu ya kopo kwenye ua. Inachoma zaidi, na utitiri wanabaki. Na dawa za shambani zenye onyo la sumu kali zibaki shambani: ndani kuna mtoto, paka na sufuria ya chakula. Kwa ua la urujuani wa Usambara, lile lenye majani ya manyoya, spiriti iguse mdudu tu, maana majani yake huota madoa kwa urahisi.

Ukikwama

*Naona madhara, simwoni mdudu.* Kagua usiku kwa tochi. Matundu makubwa yenye kingo zilizotafunwa si kazi ya hawa saba, maana hakuna hata mmoja wao anayetafuna jani. Hapo tafuta panzi, au kiwavi na konokono, ambao wengi hula usiku. Kama ni mabaka tu na kadi haijanasa kitu kwa wiki mbili, pengine mdudu alishaondoka; jani lililoharibika haliponi, kwa hiyo hukumu kwa majani mapya.

*Nimeosha, wamerudi baada ya wiki.* Hawakurudi, walikuwepo. Uliwaosha wakubwa ukaacha mayai. Endelea na ratiba bila kuruka, hata siku ambayo huoni kitu.

*Dalili zinagongana: jani linanata na pia lina nukta zilizopauka.* Ua moja laweza kubeba wageni wawili. Anza na anayeongezeka haraka, ambaye mara nyingi ni utitiri.

*Ua jipya nililonunua jana lina wadudu.* Kawaida. Kila ua jipya likae peke yake wiki mbili hadi tatu, ukilifanyia jaribio la karatasi kila wiki, kabla halijakaa na mengine.

*Bado sijui ni nani.* Uliza, lakini tuma picha nne: ua zima, jani juu, jani chini, na mdudu kwa lenzi. Ongeza mambo matatu: jani linanata au halinati, mdudu anatembea au hatembei, wapi ulimkuta. Zipigwe asubuhi.